Saratani ya mlango wa kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ni saratani inayoanzia sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inapokutana na uke. Nchini Tanzania ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi.

Karibu visa vyote husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoenezwa kwa kujamiiana. Aina ya 16 na ya 18 huleta takriban asilimia 70. Kwa kawaida mwili huviondoa. Visipoondoka, seli hubadilika polepole, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi, bila maumivu. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi huja kwa kuchelewa. Wenye VVU wamo hatarini zaidi.

Kwa hiyo huchunguzwa hata asiyejisikia mgonjwa. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi; baada ya dakika moja hivi sehemu iliyobadilika huwa nyeupe. Maabara haihitajiki, na mabadiliko ya awali huweza kutibiwa siku ileile kwa kugandishwa au kwa joto. Hilo ni jambo kubwa katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, ambako mama wa boma la mbali akiambiwa arudi kuchukua majibu huenda asirudi. Saratani ikishakomaa, safari ya mionzi huweza kumfikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiponyi maambukizi yaliyokwisha kuingia, na aliyechanjwa bado huhitaji kuchunguzwa.