Kioo cha gari kikijaa ukungu na hita haitoi joto: chanzo na la kufanya

Kuanzia Juni hadi Agosti, barabara za Makete, Njombe na milima ya Mbeya huamka na baridi kali. Dereva anapakia abiria alfajiri, madirisha yanafungwa, na dakika chache baadaye kioo cha mbele kimekuwa cheupe kwa ndani. Wengi hufuta kwa kiganja huku wakiendelea na safari.

Hesabu yake ni hii. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Ukifuta kioo kwa sekunde tatu, umeshapita zaidi ya mita 30 bila kuona vizuri. Ndani ya mita hizo anaweza kuwepo mwanafunzi anayevuka au bodaboda isiyo na taa.

Kwa hiyo, kwa anayeishi nyanda za juu, hita si starehe. Ni kifaa cha usalama kama breki na waipa.

Ukungu unatoka wapi?

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Pumzi za abiria, nguo zilizolowa, kapeti lenye maji na gunia la mboga mbichi vyote huongeza mvuke ndani ya gari. Mvuke huo ukigusa kioo cha baridi hugeuka matone madogo sana. Ni kama sufuria yenye maji baridi inavyotoa jasho kwa nje.

Kwanza pitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kama alama inabaki, ukungu uko ndani. Kama hakuna kinachobadilika, uko nje, na waipa itauondoa. Ukungu wa nje hutokea sana mikoa ya joto na unyevu, kama Pwani na Tanga, pale AC inapokipoza kioo kupita kiasi. Huko dawa ni kupunguza AC au kuelekeza hewa yake mbali na kioo.

Jinsi ya kuuondoa

1. Angalia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kizime. Kikiwaka, gari linazungusha hewa ileile yenye pumzi zenu. Madereva wengi hukiwasha kuzuia vumbi la barabara, kisha wakakisahau.

2. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele. Alama yake ni kioo kilichopinda chenye mishale mitatu inayopanda. Alama ya mstatili ni ya kioo cha nyuma. Picha hizi ni zilezile hata kwa gari lililotoka Japani na maandishi ya Kijapani.

3. Weka joto juu na feni kwa nguvu. Injini ikiwa bado ya baridi, hita itatoa baridi kwa dakika kadhaa. Hilo si kosa.

4. Washa na AC pamoja na joto. Wengi hushangaa, lakini AC hukausha hewa na joto hukipasha kioo. Vikifanya kazi pamoja, kioo husafika upesi.

5. Fungua madirisha mawili kidogo, moja kila upande, ili mvuke utoke.

Ukilazimika kufuta, simama pembeni na utumie kitambaa kikavu na safi. Kiganja huacha mafuta, na ukungu hurudi haraka palepale. Usimwagie kioo cha baridi maji ya moto, kinaweza kupasuka. Usipashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake huua.

Hita ikitoa baridi tu

Hita haina moto wake. Maji ya moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa kupitia hapo. Kwa hiyo, hita ikigoma, huenda tatizo liko kwenye maji ya injini yenyewe.

Injini ikiwa imepoa kabisa, angalia kiwango cha maji ya rejeta. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, maji yataruka na kukuunguza. Maji yakipungua, hita huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa joto. Tafuta yanakovujia, usiishie kujaza tu.

Maji yakiwa sawa, endesha gari hadi lipate joto, weka hita juu, kisha mwambie fundi apime kwa tahadhari paipu mbili zinazoingia ndani ya gari kutoka kwenye injini:

- Zote zina joto: maji yanafika. Kasoro iko kwenye kidirisha cha ndani kinachochanganya hewa ya joto na baridi, au kwenye waya wake.
- Moja ina joto, nyingine ni baridi: rejeta ndogo imeziba, au hewa imekwama ndani yake.
- Zote ni baridi: maji hayafiki. Huenda vali ya hita imefungwa, pampu ya maji ni dhaifu, thamostati imebaki wazi, au hita imeshakatwa.

Kama hakuna hewa kabisa, anza na fyuzi. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya juu tu, mara nyingi kilichoungua ni rezista yake. Hewa ikiwa hafifu, angalia filta ya ndani. Magari mengi huwa nayo nyuma ya droo ya abiria wa mbele.

Njia mbili za mkato zinazorudi kukugharimu

Ya kwanza ni kutoa thamostati. Kifaa hiki huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa hadi injini ipate joto, kwa kawaida nyuzi 80 hadi 90. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hukitoa na kukitupa. Kwenye baridi ya Makete, injini isiyo nacho huchelewa sana kupata joto, hula mafuta zaidi, na hita hubaki ya uvuguvugu. Chanzo cha kuchemsha nacho hakijatibiwa.

Ya pili ni kubaipasi hita, yaani kuunganisha paipu zake mbili ili maji yasipite ndani. Hufanywa rejeta ndogo inapovuja. Kwa muda inaokoa injini, lakini umebaki bila joto la kusafisha kioo. Ukinunua gari lililotumika, uliza mambo haya mawili kabla ya kutoa pesa.

Dalili za rejeta ndogo kuvuja ni harufu tamutamu ndani ya gari, kapeti kulowa upande wa mbele, na ukungu wenye utelezi usiofutika vizuri. Mara nyingi chanzo ni kutumia maji matupu miaka mingi, ambayo huleta kutu na uchafu. Tumia kulanti, na uihifadhi mbali na watoto na mifugo. Ladha yake ni tamu lakini ni sumu.

Ukisubiri matengenezo

Safisha kioo kwa ndani hadi mafuta na vumbi viishe. Kisha paka sabuni ya maji kidogo sana na uisugue kwa kitambaa kikavu hadi kioo king'ae. Ukungu utachelewa kushika. Anika kapeti, na mizigo iliyolowa iwekwe nje au nyuma.

Zaidi ya yote, usianze safari kwa kuchungulia kwenye tundu dogo ulilofuta. Subiri kioo chote kisafike. Nawe abiria, dereva akisimama kusafisha kioo, mpe nafasi hiyo. Anafanya hivyo ili mfike.