A. R. Barlow na Lugha ya Kigikuyu huko Tumutumu

Itajwapo Nyeri, watu aghalabu hukumbuka vita vya 1952 na misitu ya Nyandarua. Ni haba wakumbukao kilima cha Tumutumu, karibu na Karatina, ambako misheni ya Kanisa la Uskoti ilikuwa na karakana ya lugha. Mhunzi wake mkuu alikuwa Arthur Ruffell Barlow, mpwa wa David Clement Scott, yule aliyetunga kamusi ya Kimang'anja ya 1892. Sarufi ya Barlow ya Kigikuyu ilitoka mwaka 1914, naye akaiita kazi ya majaribio. Unyenyekevu usio wa kawaida kwa wamisheni wa enzi hiyo.

Mfafanuzi wa tendi za Kisanskriti hukuta mbele yake miswada, na fafanuzi za waliomtangulia. Barlow hakuwa na urithi kama huo. Matini yake yalikuwa vinywa vya wenyeji, na majina ya walimu wake hao hayakupata nafasi juu ya majalada.

Hatari ya kazi hiyo ilidhihirika katika neno moja. Agano Jipya la Kigikuyu la 1926, ambalo Barlow alikuwa miongoni mwa wafasiri wake, lilimwita Bikira Mariamu *mũirĩtu*. Lakini mũirĩtu, kwa desturi ya Wagikuyu, ni msichana aliyekwisha tahiriwa. Asiyetahiriwa ni *kĩrĩgũ*, na jina hilo ni tusi. Mwaka 1929, wamisheni walipowataka waumini waweke ahadi ya kuikataa tohara ya wasichana, wapinzani wao waliwajibu kwa kitabu chao wenyewe: kama mama wa Yesu alikuwa mũirĩtu, katazo latoka wapi? Sioni kwamba mfasiri alizembea. Lugha haikuwa na neno la heshima lililosimama nje ya mila.

Hazina ya msamiati aliyoikusanya ilichelewa mno kuchapishwa. Kamusi ya Kigikuyu kwa Kiingereza ilitoka Oxford mwaka 1964, na ile ya Kiingereza kwa Kigikuyu mwaka 1975, zote zikihaririwa na T. G. Benson.

Kufikia hapo, Gakaara wa Wanjau, mwana wa mchungaji wa Tumutumu aliyezaliwa 1921, alikuwa amekwisha andika vitabu vingi vya Kigikuyu, na kukaa kizuizini miaka kadhaa. Shajara yake ya kizuizini, iliyotoka 1983, ilipata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.