Yallah Beibe (albamu)

Yallah Beibe ni albamu ya rapa MC Yallah iliyotolewa mwaka 2023 na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala, Uganda. Imeunganisha hip-hop na indastrio, muziki wa kelele za mitambo ulioanzishwa Uingereza miaka ya 1970 na kundi la Throbbing Gristle. Ni miongoni mwa kazi kali kabisa za rapu zilizotoka Afrika Mashariki katika muongo huu.

Msanii

MC Yallah alizaliwa Kenya akakulia Uganda. Albamu yake ya Kubali, aliyoiandaa na prodyuza Debmaster, ilitoka mwaka 2019 kwa lebo hiyohiyo.

Muziki

Biti zimetengenezwa na Debmaster, Mfaransa; Scotch Rolex, Mjapani anayeishi Berlin; na Chrisman, Mkongo. Anayeisikiliza albamu kwa mara ya kwanza hupokewa na besi iliyokwaruzwa makusudi na ngoma zinazolia kama mabati yanayogongwa. Melodi ni chache, na mahali pengine hazipo kabisa. Katikati ya vurugu hiyo sauti ya Yallah haiyumbi. Anachana kwa kasi kubwa, kila silabi ikisikika, akihama kati ya Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Hata asiyejua lugha mojawapo hushikwa na mapigo ya ulimi wake, na hapo ndipo ilipo nguvu kuu ya albamu: kelele zinambeba rapa bila kumfunika. Prodyuza wengi wa rapu ngumu hushindwa jambo hili.

Mgeni anayesikika zaidi ni Lord Spikeheart wa Nairobi, ambaye mayowe yake yalikwishajulikana kupitia kundi la Duma na albamu yao ya mwaka 2020.

Tanzania

Tanzania ilizifikia kasi na kelele za namna hii kwa njia ya singeli. Nyege Nyege Tapes, lebo dada ya Hakuna Kulala, ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso mwaka 2017. Kaskazini, X Plastaz wa Arusha walichanganya rapu na uimbaji wa Kimaasai katika Maasai Hip Hop (2004). Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina hazina ya nyimbo za Wairaqw na Wadatoga inayostahili prodyuza jasiri wa kiwango cha waliotengeneza Yallah Beibe.