Bagamoyo, Mji wa Kutua Mzigo



Katika masomo yetu twatamka kila siku maneno kama sala, imani, dhambi, baraka na sadaka. Wazee wa wazee wetu hapa mashariki ya Kongo hawakuyajua. Maneno hayo yalikuja kwa miguu. Yalitoka pwani ya Bahari ya Hindi, yakapita Tabora na Ujiji, yakavuka Ziwa Tanganyika katika mashua, yakafika Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema. Mlango wa njia hiyo ulikuwa mji mdogo wa pwani, jina lake Bagamoyo. Leo twasimulia habari za mji huo, maana historia yake ni kipande cha historia yetu.

Bagamoyo upo Tanzania, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi, nao watazamana na kisiwa cha Unguja. Ufuko wake ni wa mchanga, na maji yake ni haba: bahari ikipwa, majahazi hubaki yamelala juu ya mchanga. Karibu na mji, mahali paitwapo Kaole, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Msikiti mmoja wahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Basi watu wa pwani ile walijua kujenga kwa mawe na kufanya biashara ya baharini zamani sana, kabla ya Mzungu yeyote kufika.

Katika karne ya 19 mji ulikua kwa sababu ya pembe za ndovu. Misafara ilishuka kutoka bara, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alichukua begani mzigo wa kilo 30 au zaidi, akatembea miezi mitatu na pengine zaidi kutoka Tabora mpaka baharini. Wakirudi, walichukua nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Bunduki hizo zilifika kwetu Manyema, na tunajua zilifanya nini. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanya biashara waliwapiga risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji ya Lualaba. David Livingstone alikuwapo, akaandika aliyoyaona.

Sasa tulitazame jina la mji. Husemwa kwamba latokana na maneno “bwaga moyo”. Wako wanaofundisha kwamba ni kilio cha mtumwa: hapa nauacha moyo wangu, sitaiona tena nchi yangu. Wengine husema ni neno la mpagazi: hapa natua mzigo, moyo upate kupumzika. Tusiongeze chumvi katika jambo zito kama hili. Watumwa wengi waliouzwa Unguja walipitia Kilwa, upande wa kusini. Bagamoyo ulikuwa kwanza mji wa pembe na wa wapagazi. Kwa hiyo maana ya pili yaafikiana zaidi na kazi ya mji. Lakini watu waliofungwa minyororo walipita huko pia, na baadhi yao walitoka katika nchi yetu. Jina moja lilisikiwa na masikio mawili: aliyetua pembe alifurahi, na aliyefungwa alilia.

Mwaka 1868, kwa ruhusa ya Sultani Majid wa Unguja, Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misioni Bagamoyo. Padri Antoine Horner aliwaongoza. Walianzisha kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Wengine walikombolewa kwa fedha. Wengine walikutwa katika majahazi na manowari za Waingereza, wakakabidhiwa kwa wamisionari. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kali iliharibu majengo, wakaanza tena. Tusidhani kwamba watu wale walipata mara moja uhuru mkamilifu. Waliishi kwa kengele, wakalima mashamba ya misioni, na wengine walitoroka. Lakini ni wao pia waliofunga ndoa, waliolea watoto, na waliotumwa bara kusaidia kuanzisha misioni mpya, kama ile ya Mhonda mwaka 1877. Kabla hawajaitwa walimu wa wengine, walikuwa wamehesabiwa kama bidhaa.

Mwezi wa Februari 1874 maiti ya Livingstone ilifika Bagamoyo. Alikuwa amekufa mwezi wa Mei 1873 katika nchi ya Chitambo, ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500 kwa muda wa miezi tisa. Susi na Chuma waliongoza. Chuma, na mwenzake Jacob Wainwright, walikuwa wameokolewa utumwani. Hakuna aliyewalazimisha kuuchukua mzigo ule. Maiti ililazwa misioni, ikavushwa mpaka Unguja, ikazikwa London mwezi wa Aprili mwaka uleule.

Mwezi wa Novemba 1874 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na msafara mkubwa. Alipita Nyangwe, akashuka na mto wetu, akafika Boma mwezi wa Agosti 1877. Safari hiyo ilimfungulia mfalme wa Wabelgiji, Léopold wa Pili, mlango wa Kongo. Mwezi wa Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulishika njia ileile. Padri Pascal alikufa kabla ya kufika Tabora. Wenzake wakagawanyika: wengine walielekea Buganda, wengine wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, ng’ambo ya ziwa, na mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, panapoitwa leo Kirungu, katika Moba. Basi mnyororo, bunduki, bendera na Injili vilipita katika njia moja, na lugha tunayosemea ilivichukua vyote.

Mwaka 1888 kampuni ya Wadachi ilianza kuitawala pwani. Watu waliasi chini ya Abushiri bin Salim, na vita ikauharibu mji. Wengi walikimbilia misioni. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ulikuwa makao ya serikali ya Wadachi mpaka mwaka 1891, ndipo makao yakahamia Dar es Salaam, kwa kuwa meli za moshi zilitaka bandari yenye kina. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi hakuhitajiwa tena, na mji ukanyamaa. Majengo yake ya kale yangali yakitembelewa na wageni.

Twajifunza nini? Wako wasemao: lugha iliyokuja na wauza watu haifai kumwomba Mungu. Twawajibu: wale waliofungwa walijifunza lugha hiyohiyo, wakaitumia kufarijiana, kuoana na kufundisha watoto wao. Waliipokea katika taabu, wakaifanya kuwa yao. Basi tusiitupe, wala tusisahau bei yake. Anayesema “imani” na “baraka” hapa Manyema au kando ya ziwa, asema maneno yaliyobebwa na watu waliochoka. Ayatamke kwa heshima, wala asiyatumie kumdharau mtu wa kabila jingine, kana kwamba naye ni bidhaa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Jina la Bagamoyo lafasiriwa kwa namna gani mbili, na kwa nini?
2. Ni vitu gani vilivyopita katika njia ya Bagamoyo mpaka kwetu?
3. Katika kijiji chetu, ni nani leo anayehesabiwa kwa bei yake, wala si kwa utu wake?