Kufanya Kazi Nyumbani au Kurejea Ofisini: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwajiri na Mwajiriwa

Mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020 uliwalazimu waajiri wengi duniani kuwaruhusu wafanyakazi wao kutekeleza majukumu wakiwa nyumbani. Janga hilo lilipopungua, baadhi ya waajiri walianza kuwataka wafanyakazi hao warejee ofisini. Septemba 2024, kampuni ya Amazon ya Marekani ilitangaza kuwa wafanyakazi wake wa ofisini watafika kazini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, badala ya siku tatu. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisaini waraka unaozitaka idara za Serikali Kuu ya nchi hiyo kuwarejesha watumishi katika vituo vyao vya kazi.

Uingereza imefuata njia nyingine. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba mabadiliko ya saa au mahali pa kazi kuanzia siku yake ya kwanza ya ajira, na mwajiri hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya miezi miwili. Hata hivyo, haki hiyo ni ya kuomba, na mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zinazotambuliwa na sheria.

Matokeo ya utafiti

Waajiri wanaotaka wafanyakazi warejee hutaja ushirikiano, malezi ya waajiriwa wapya na urahisi wa usimamizi. Wafanyakazi nao hutaja nauli, muda unaopotea njiani na majukumu ya familia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature ulihusisha wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya usafiri ya Trip.com nchini China. Waliofanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki hawakutofautiana na wenzao katika tathmini za utendaji wala kupandishwa vyeo, huku idadi ya wanaoacha kazi ikipungua kwa takribani theluthi moja. Matokeo hayo yanahusu mfumo mseto na kazi za ofisini. Hayawezi kutumika kwa muuguzi, dereva au fundi wa kiwandani.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inamtaka mwajiri kumpatia mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, yakiwemo mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Endapo jambo lolote kati ya hayo litabadilika, mwajiri anapaswa kushauriana na mwajiriwa, kurekebisha maelezo hayo na kumjulisha kwa maandishi.

Kwa msingi huo, mwajiriwa ambaye mkataba wake unataja ofisi kuwa mahali pa kazi, naye aliruhusiwa kwa muda kufanya kazi nyumbani, yuko katika nafasi tofauti na yule ambaye mkataba wake unataja nyumbani. Wa kwanza anarejeshwa kwenye masharti aliyoyakubali. Wa pili anabadilishiwa masharti, hivyo mashauriano ni ya lazima.

Aidha, kufanya kazi nyumbani hakuondoi ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki kwa waajiriwa wanaohusika na masharti hayo.

Hatua za kuchukua

Mwajiri anashauriwa kuandika bayana siku za kufika ofisini, muda wa kupatikana kwa simu, gharama za intaneti na vifaa, na muda wa taarifa kabla ya utaratibu kubadilishwa. Mwajiriwa naye asome mkataba wake kabla ya kupinga agizo, awasilishe ombi lake kwa maandishi na kutunza nakala. Kukaidi agizo halali bila kufuata utaratibu kunaweza kumletea hatua za kinidhamu.

Pale makubaliano yanaposhindikana, mgogoro unaweza kuwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi huwasilishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.