Kupakua si Kusakinisha

Malalamiko yanayofika kwenye vibanda vya mafundi wa simu mjini Kisii huja na kitenzi kimoja: imekataa kudaunilodi. Simu iliyojaa picha imekataa kudaunilodi. Simu isiyo na bando imekataa kudaunilodi. Simu kuukuu ambayo WhatsApp ya leo haiitambui tena, nayo imekataa kudaunilodi. Fundi anayeijua kazi yake hagusi kitu kabla ya kuuliza: "Mama, imekataa kushuka, au imeshuka ikakataa kuingia?"

Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili kwa mambo hayo mawili, kupakua na kusakinisha, na ukiiweka simu yako katika Kiswahili utavikuta vyote viwili kwenye kioo. Si visawe. Ni hatua mbili zinazofuatana, na kila moja hukwama kwa sababu zake. Asiyezitenga hununua bando tena na tena kutibu ugonjwa usiohusiana na bando, au hufuta picha za arusi ya mwanawe ili kupata nafasi ilhali kilichokosekana ni mtandao.

Kupakua hakuhitaji mtaalamu wa kompyuta kukueleza. Ndizi za Gusii hupakiwa kwenye malori Keroka na kupakuliwa Nairobi. Mzizi ni mmoja, umegeuzwa mwisho, kama funga na fungua au ziba na zibua. Jikoni nako chakula hupakuliwa, na nadhani matumizi ya jikoni ndiyo yanayoieleza simu vizuri zaidi: seva ndiyo chungu, simu ndiyo sahani, na chungu hakipungukiwi hata wakipakua watu milioni moja (hapo ndipo mfano unapomwacha mpishi). Kupakia kukabaki kwa safari ya kinyume, unapotuma picha kutoka simuni kwenda mtandaoni. Walioteua maneno haya hawakubuni kitu. Walichukua maneno yaliyokuwa yakifanya kazi bandarini na jikoni tangu zamani, ndiyo maana hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta huyaelewa.

Kusakinisha ni neno gumu zaidi, na wengi hulionea kwa sababu hiyo. Linatokana na sakini, yaani kukaa au kuishi mahali, neno lenye asili ya Kiarabu na ndugu wa maskani. Kusakinisha programu, basi, ni kuifanya ikae, kuipa makao. Nimewasikia walimu wakilicheka, wakisema kuweka kunatosha. Hakutoshi. Android inapopokea faili la programu, lile la APK, huanza kwa kukagua sahihi ya kidijitali ya aliyelitengeneza. Halafu huangalia kama toleo la mfumo na aina ya prosesa vinakubaliana na programu. Baada ya hapo huipa programu namba yake ya utambulisho na folda yake ya siri ambayo programu nyingine haziruhusiwi kuingia. Kwa maneno mengine, programu hupewa kitambulisho na nyumba yenye mlango. Kuweka ni kwa kikombe juu ya meza. Hapa sakinisha limelenga shabaha, pengine kuliko hata waliolipendekeza walivyotarajia.

Lina washindani. Simu nyingine husema sanidi, ingawa mara nyingi neno hilo hutumika kwa kuandaa simu mpya au akaunti, na kwa kuiondoa programu utakuta sanidua hapa na ondoa kule. Kutolingana huku kuna historia yake. Tafsiri za kompyuta kwa Kiswahili hazikutoka mezani pamoja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft ikaja na tafsiri zake, Google nayo na zake. Kenya nayo ilikuwa imeshajipa tarakilishi wakati Tanzania ikisema kompyuta. Mimi nachagua sakinisha kwa kuipa programu makao na sanidi kwa kuiandaa, ili kila neno lifanye kazi yake.

Sasa turudi kwenye kibanda. Ikiwa mstari wa maendeleo unasimama njiani, au simu inasema inasubiri, umekwama kwenye kupakua, na adui yuko njiani kati yako na seva. Milima ya Gusii ina tabia yake hapa: kilimani mtandao una nguvu, ukishuka bondeni mto ulipo unadhoofika, na faili linalotaka dakika mbili linataka nusu saa. Lakini mtandao si mshukiwa wa pekee. Play Store huwa na foleni. Ikiwa programu nyingine zinasasishwa, yako itangoja, na dawa ni kufungua orodha ya masasisho na kuyasitisha. Play pia ina mpangilio wa kupakua kwa Wi-Fi peke yake; simu ikiwekwa hivyo, hata ukiwa na gigabaiti kumi za bando haitaanza.

Mshukiwa ninayempenda ni tarehe. Simu iliyozimika siku nyingi au iliyobadilishwa betri inaweza kurudi miaka ya nyuma. Mawasiliano salama na seva hutegemea cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu inayodhani tuko mwaka mwingine hukiona cheti hicho kuwa batili, ikakataa kuzungumza. Mwenye simu haoni lolote kuhusu cheti. Anaona kupakua kumeshindikana. Ingia kwenye mipangilio, nenda kwenye tarehe na saa, uiruhusu simu ichukue saa kutoka kwenye mtandao. Ni tiba isiyogharimu hata shilingi, na fundi mwenye njaa hatakuambia.

Kama faili limefika asilimia mia moja ndipo likakataa, acha kulaumu bando. Umefika kwenye kusakinisha, na huko sababu kuu ni nafasi. Watu hushangaa: programu ni megabaiti 60, nafasi iliyobaki ni megabaiti 80, mbona inakataa? Kwa sababu faili hufika likiwa limebanwa. Simu hulifungua, huandaa msimbo wake, na katika harakati hizo huhitaji nafasi kubwa kuliko uzito uliotangazwa. Na nafasi yenyewe ni haba tangu mwanzo. Julai 2020, kampuni ya simu ya Safaricom na Google walipozindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya Android ililipiwa shilingi 20 kwa siku, na watu wengi walipata simu yao ya kwanza ya kisasa kupitia mipango ya namna hiyo. Simu za bei hiyo zina hifadhi ndogo. Ziingize kwenye kundi la ukoo, kundi la harambee ya karo, kundi la mazishi na kundi la kanisa linalorusha video za kwaya kila Sabato, uone zitakavyokaa. Kabla hujafuta programu yoyote, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ambako itakuonyesha kundi gani linakula nafasi. Kwa kawaida ni moja au mawili.

Sababu ya pili ni umri. Programu hutaja toleo la chini la Android inaloweza kuishi nalo. WhatsApp, kwa mfano, kuanzia Oktoba 2023 ilidai angalau Android 5.0. Ujumbe wa Kiswahili husema programu haioani na kifaa, na hapa nawapongeza watafsiri bila kinyongo. Haioani. Mchumba amekataliwa, na hakuna kikao cha wazee kitakachoirekebisha posa hiyo isipokuwa kusasisha mfumo, kama mtengenezaji wa simu bado anatoa masasisho, au kununua simu nyingine.

Halafu kuna programu za kurushiana. Bando ni ghali, kwa hiyo vijana hupeana programu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, bila kutumia data hata kidogo. Kwa miaka mingi hilo lilifanya kazi vizuri, kwa sababu programu nzima ilikuwa faili moja. Agosti 2021 Google ikaanza kudai kwamba programu mpya kwenye Play ziletwe katika muundo unaoruhusu Play kumkatia kila mwenye simu vipande vinavyomfaa yeye: kipande cha lugha yake, cha kioo chake, cha prosesa yake. Ukituma faili la msingi peke yake kwa rafiki, vipande vingine vinabaki kwako. Kwake itakataa kusakinishwa, au itasakinishwa na kuzimika kila akiifungua. Watu hudhani Xender imeharibika. Haijaharibika, mzigo ndio ulioondoka nusu. Na tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya Play hutolewa kwa kila programu peke yake, hivyo kukiruhusu kivinjari si kuiruhusu Xender.

Matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa na watu wasiojulikana, yale yanayoahidi kusoma ujumbe uliofutwa, yana kisa chake. Baadhi yake hujiita kwa jina la ndani lile lile la WhatsApp halisi, lakini sahihi ya kidijitali si ya WhatsApp. Android inakuta mtu mwenye jina la mwenye nyumba akija na ufunguo usiofungua, inakataa, na inaeleza kwamba kifurushi kinakinzana na kifurushi kilichopo.

Kifurushi! Neno hilo linaeleweka vizuri kwa anayejua kwamba APK ni fungu la mafaili. Lakini kwa Mtanzania kifurushi ni dakika na megabaiti zinazonunuliwa, na Wakenya nao wamelizoea kwa maana hiyo kwenye matangazo. Simu inapomwambia mtu kwamba kuna tatizo la kuchanganua kifurushi, ana haki kabisa ya kwenda kununua kingine. Ujumbe huo humaanisha kwamba faili limekatika au limeharibika, au limetengenezwa kwa Android mpya kuliko yake. Faili la usakinishaji lingetosha, na lisingempeleka mtu dukani bure.

Tafsiri ya akiba ni kosa kubwa zaidi. Tiba ya kwanza ambayo kila fundi huijaribu Play Store ikigoma ni kuingia kwenye mipangilio ya programu na kufuta mafaili ya muda, yale yanayohifadhiwa ili mambo yaende haraka na ambayo yakiharibika huleta ukaidi. Ni tiba salama. Haigusi ujumbe, picha wala akaunti. Kitufe chake kwa Kiswahili kimeandikwa Futa akiba. Sasa mwambie nyanya wa Nyamira, aliyelelewa akiambiwa kwamba akiba haiozi, ambaye pesa zake za majani chai huzipokea kwa M-Pesa kwenye simu hiyo hiyo, abonyeze kitufe cha kufuta akiba. Hatabonyeza, na mimi simlaumu. (Pesa ya M-Pesa haikai ndani ya simu, hesabu yake imo kwenye mitambo ya kampuni, lakini kitufe hakisemi hivyo.) Kibaya zaidi, jirani ya kitufe hicho kuna kingine cha kufuta data, ambacho ndicho hasa kinachoirudisha programu kuwa mpya na kinaweza kukupotezea vitu. Tafsiri imeweka hofu kwenye kitufe kisicho na hatari, ikauacha mlango wa hatari ukionekana wa kawaida, kwani data kwa watu wengi ni kitu kinachoisha na kununuliwa tena.

Kuna hali moja ambayo si hitilafu kabisa. Mtu anatafuta programu ya mkopo aliyoitumia zamani, haioni kwenye Play, anaomba fundi amtafutie kiungo. Mwaka 2022 kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilianza kutumika, na mwanzoni mwa 2023 Google ikazitaka programu za mikopo nchini Kenya zithibitishe leseni au ombi la leseni, la sivyo ziondolewe. Nyingi ziliondoka. Ukitumiwa APK ya mojawapo kwa WhatsApp na Play Protect, ulinzi wa Google, ikaizuia, kusakinisha kumekataliwa kwa sababu nzuri. Programu za aina hiyo ndizo zilizokuwa zikisoma orodha ya namba zako na kuwapigia simu shemeji na mchungaji ukichelewa kulipa. Fundi anayejitolea kuzima ulinzi huo ili apate shilingi mia anakuuza.

Kwa hiyo, ombi langu kwa wanaotafsiri mifumo ya simu, wawe Nairobi, Dar es Salaam au California: sakinisha libaki, pakua libaki, haioani ibaki na mapambo yake yote. Akiba iondoke. Mafaili ya muda yanatosha, kila mtu atayaelewa, na hakuna nyanya atakayeogopa kuyafuta.