Masoko ya hisa ya Afrika Mashariki: jumuiya zilizoyakutanisha na mipaka iliyobaki

Mwanzoni mwa Julai 2020, wakati serikali ya Kenya ikitafakari kulitaifisha shirika la ndege la Kenya Airways, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha uuzaji wa hisa za shirika hilo. Hisa hizo hazikuuzwa tena sokoni humo hadi Januari 2025. Kwa mwanahisa wa Nairobi habari ilikuwa nzito, lakini ilimfikia kutoka soko lake mwenyewe. Kwa mwanahisa wa Kampala au wa Dar es Salaam palikuwa na fundo la ziada, kwa kuwa hisa hizo zimeorodheshwa pia katika masoko ya miji hiyo miwili. Soko la nyumbani linapofunga mlango, masoko ya jirani hayana budi kujua siku ile ile. La sivyo mwenye habari atamuuzia asiye nayo.

Kupashana habari za namna hiyo na kulinganisha kanuni ni miongoni mwa kazi za jumuiya za masoko ya hisa. Iliyo kongwe katika ngazi ya dunia iliundwa mwaka 1961, na leo makao yake yako London. Jumuiya ya Masoko ya Hisa Afrika ilizaliwa Nairobi mwaka 1993, na humo soko la Johannesburg huketi meza moja na masoko madogo yenye kampuni chache tu. Katika kanda yetu, masoko ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yalitia saini hati ya kuunda jumuiya yao mwaka 2004. Soko la Kigali, lililozinduliwa rasmi Januari 2011, lilijiunga baadaye.

Lililo la kushangaza kidogo ni kwamba wasimamizi waliwatangulia wafanyabiashara. Mamlaka za masoko ya mitaji za Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kushirikiana mwaka 1997, ilhali masoko ya Kampala na Dar es Salaam yalianza kazi mwaka 1998.

Uanachama wa jumuiya hizi haumpi mtu nguvu za sheria. Hati ya makubaliano si mkataba wa mataifa, na jumuiya haiwezi kulitoza soko faini wala kulilazimisha kumpokea mnunuzi wa kigeni. Linalofanyika ni mikutano, mafunzo, kulinganisha masharti ya kuorodhesha kampuni, na mazoea ya maofisa kufahamiana kiasi cha kupigiana simu jambo linapotokea.

Tunda linaloonekana zaidi ni kampuni moja kuorodheshwa katika nchi zaidi ya moja. East African Breweries ilifungua njia hiyo Kampala mwaka 2001. Benki ya KCB imo katika masoko yote manne. Kwa miaka mingi mkondo ulitoka Nairobi kwenda kwa jirani, kisha ukaanza kurudi: Umeme, iliyokuwa ikisambaza umeme Uganda, iliorodheshwa Kampala na halafu Nairobi mwishoni mwa 2012, na BK Group ya Rwanda ikaingia Nairobi mwaka 2018.

Hata hivyo, kuorodheshwa ni jambo moja na kuuzika ni jingine. Hisa za kampuni hizi hununuliwa na kuuzwa zaidi katika soko la nyumbani, na kwa jirani siku nyingi hupita bila biashara ya maana. Kila nchi ina hifadhi yake ya kumbukumbu za wanahisa. Anayetaka kuzihamisha hisa zake kutoka daftari la Kampala kwenda la Nairobi, apate bei nzuri zaidi, hupitia kwa dalali, hujaza hati na kungoja, na bei aliyoifuata huenda imekwisha kubadilika.

Na hapa historia inatukumbusha jambo. Soko la Nairobi lenyewe lilianza mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, na wakati huo lilihudumia kanda nzima. Hata dhamana za serikali za Uganda na Tanzania ziliuzwa hapo. Hapakuwa na jumuiya ya masoko kwa kuwa haikuhitajika: shilingi ilikuwa moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake, ukafuata utaifishaji wa makampuni, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Kwa upande mwingine wa bara, soko la Abidjan lililoanza mwaka 1998 linahudumia nchi nane zinazotumia faranga moja, na halijui tatizo la kubadilisha fedha kati ya wanachama wake.

Mwishoni mwa 2022 jumuiya ya Afrika, kwa kushirikiana na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilizindua mtambo unaounganisha masoko saba ya nchi 14. Kutoka Afrika Mashariki liliingia la Nairobi peke yake. Dalali wa Casablanca huona bei za Nairobi kwenye kompyuta yake na kupeleka agizo kwa dalali mwenzake wa huko. Malipo na ukabidhi wa hisa, lakini, hubaki chini ya taratibu za nchi ya kampuni husika na kwa fedha yake.

Sarafu moja ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ilitiwa saini Kampala mwaka 2013, ilikusudiwa kuanza 2024; sasa lengo limesogezwa hadi 2031. Kwa hiyo anayenunua leo hisa za nchi jirani ana mambo matatu ya kumuuliza dalali kabla ya kutoa fedha: hisa zitaandikwa katika daftari la nchi gani, gawio litalipwa kwa fedha ipi na litakatwa kodi kiasi gani, na iwapo soko la nyumbani litasimamisha hisa hizo, yeye atapashwa habari na nani.